Mikono ya Fundi wa Kisimani

Ras Kisimani ni ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, na jina lake lina kisima ndani yake. Mji uliokuwapo hapo ulikuwa miongoni mwa miji ya kale ya Waislamu katika pwani hii. Neville Chittick aliufukua na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, na katika vilivyoonekana mlikuwamo vigae vya vyombo vilivyovuka bahari na sarafu za masultani wa Kilwa. Sehemu kubwa ya mji imekwishaliwa na maji. Kilichosalia kwa wingi ni masimulizi, na mawili kati ya hayo yanastahili kusikilizwa upya, kwa kuwa yanagusa jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni geni.

La kwanza ni la fundi. Husimuliwa kwamba sultani wa Kisimani alitaka ajengewe birika la maji, na fundi akalijenga kwa ustadi usio na mfano. Kazi ilipokwisha, sultani akaamuru fundi akatwe mikono, asije akajenga jingine kama hilo mahali pengine. Miezi sita baadaye, wasema wasimulizi, bahari iliumeza mji.

La pili ni la watoto. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua, mji uliokuwa katika kisiwa cha Juani, waje karamuni siku ya kulishua. Katikati ya furaha wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani mbele ya chombo, na chombo kikapita juu yao kuingia majini. Watu wa Kua walinyamaza. Ilipopita miaka saba au minane, nao wakawaalika watu wa Kisimani arusini. Wageni walitiwa katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki mzee mmoja akiwazungumza wageni, huku mlango ukijengwa taratibu kwa mawe. Mzee naye akabaki ndani.

Hapana haja ya kuyasadiki haya kama historia. Watu hawahifadhi kisa kwa karne nyingi kwa sababu kilitokea. Hukihifadhi kwa sababu kinawauma. Na vinavyouma katika visa hivi ni mambo ya uongozi: mwenye nguvu anayetaka jema liwe lake peke yake, na mwenye chombo kipya anayekiteleza majini juu ya miili ya wadogo.

Katika miongo hii miwili imeenea Afrika Mashariki kazi ya namna yake. Mtu huona vijana wa mtaani kwake wamezongwa na huzuni, wasiwasi au kukata tamaa, akaanzisha shughuli ya kuwasaidia, nusu hisani na nusu biashara. Mtu huyo huitwa mjasiriamali wa jamii, jina lililoenezwa duniani zaidi ya wote na Bill Drayton, Mmarekani aliyeanzisha taasisi ya Ashoka mwaka 1980. Na kwa kuwa wafadhili hupenda kuona kazi ikikua, huandaliwa mafunzo ya uongozi kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Humo hufundishwa kupanga bajeti, kuandika maombi ya fedha, kupima matokeo, kusimama jukwaani na kulinadi wazo kwa dakika chache, na kuitunza nafsi isichoke. Yote hayo yana manufaa. Lililo wazi bado ni kama mafunzo hayo yanamfikisha mtu kwenye jambo ambalo likikosekana, mengine yote hugeuka madhara.

Neno lenyewe linafaa kutazamwa. Mjasiriamali ni aliye jasiri kwa mali. Mfanyabiashara wa zamani aliyepakia boriti za mikoko kutoka Rufiji, au nazi za Mafia, alithubutu kwa kilicho chake. Chombo kikizama, aliyefilisika ni yeye. Na heshima ya ujasiri wake ilitokana na hilo. Je, huyu wa leo anayeshughulika na nyoyo za vijana anathubutu kwa mali gani? Fedha ni ya mfadhili. Lakini chini ya fedha kuna mtaji mwingine usioandikwa vitabuni, nao ni siri. Kijana amesema, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba haoni sababu ya kuamka asubuhi. Maneno hayo ndiyo yanayoipa shughuli nzima uhai: ndiyo yatakayoingia katika taarifa, katika picha, katika hotuba ya dakika chache. Nayo si ya mjasiriamali. Yamewekwa kwake amana, na desturi ya pwani hii, pamoja na sheria ya dini iliyoilea, haimruhusu mwenye kuwekewa amana kuifanyia biashara bila ya idhini ya mwenyewe. Katika jina la kazi hii, basi, mna fundo ambalo wakufunzi wengi hulipita bila kulifungua.

Kisiwani fundo hilo huzidi kukaza. Katika Nairobi au Dar es Salaam kisa cha kijana asiyetajwa jina kinaweza kupotea katika watu mamilioni. Mafia ni wilaya ndogo ambako mtu hutambulikana kwa mwendo wake akiwa mbali ufukweni. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza kufanya kazi kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1997 kitabu juu ya maisha ya familia moja, alikipa kijiji jina la Minazini. Jina hilo ni la busara, na lina mzaha kidogo, kwani katika kisiwa kilichojaa minazi linaelekeza kila mahali. Lakini linaonyesha kwamba mtaalamu aliyekaa miaka mingi na watu aliona anadaiwa angalau pazia. Na siri hapa si suala la aibu tu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Huko Kenya ilikuwa hivyo hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kijana anayemwambia mtu kwamba alikaribia kufanya jambo fulani anaweza kuwa anakiri kosa. Anayempokea anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua daftari.

Tuiache siri kwa muda, turudi kwa fundi. Yako mambo yaliyothibitika ambayo sultani wa Kisimani asingeyapenda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wa kawaida waliosoma sekondari walipewa mafunzo ya wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya wagonjwa wa huzuni kwa wiki 16, na wagonjwa wengi wakapata nafuu kubwa. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokaa na wenye shida juu ya benchi nje ya kliniki kwa kuwa vyumba havikuwapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu wagonjwa 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba benchi hilo liliponya. Kenya, taasisi ya Shamiri, iliyojichagulia jina la Kiswahili, ilifanya jambo la ajabu zaidi: iliwafundisha vijana waliotoka shule juzi, wenye umri wa miaka 17 hadi 21, waongoze mazungumzo manne tu na wanafunzi wa sekondari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, kutoka kwa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, yalionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Kumbe ufundi huu unagawika. Bibi anaweza kuushika, na kijana wa miaka 18 anaweza kuushika. Kila anayejenga mbinu ya kuwasaidia vijana kisha akaifungia, au akawazuia wanagenzi wake kuondoka nayo, anarudia amri ya sultani, hata kama shoka lake ni mkataba. Atajibu kwamba analinda ubora. Jibu hilo lina haki kiasi: kisima kilichojengwa na asiyejua huwaangukia wachotaji. Ila fundi anayekosea husahihishwa, hakatwi.

Lipo jambo jingine katika kazi za Masaka na Harare ambalo mpenzi wa lugha hawezi kulipita. Waganda wale hawakuulizwa kama wana ugonjwa ulioandikwa katika vitabu vya madaktari. Waliulizwa watu wa pale wanaitaje hali hiyo, wakataja *okwekyawa*, mtu kujichukia, na *okwekubazida*, mtu kujihurumia. Waharare walitaja *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Mswahili hahitaji mfasiri hapo: «ana mawazo», husemwa, na neno *mawazo*, ambalo kwingine ni sifa ya mwenye akili, ghafla huwa jina la maradhi. Wataalamu wa Kiswahili wamelichagua neno *sonona*, na si baya, kwani ndani yake mna uchungu wa moyo. Lakini kijana wa Ras Kisimani hatakuja akisema ana sonona. Atasema usingizi umemkimbia, au bahari imemchosha, au atasema hana neno. Kiongozi asiyeijua lugha ya shida hiyo ataipima kwa kipimo cha kukopa, na taarifa yake itapendeza huko inakopelekwa.

Sasa wale watoto waliolazwa mchangani. Kila chombo kipya kinahitaji kushuliwa, na mwenye kukishua huhitaji watu, karamu, makofi. Hili lisilaumiwe: bila fedha bibi wa Mbare hawapati hata nauli. Lakini mara ngapi, katika sherehe za namna hiyo, husimamishwa kijana jukwaani akasimulia alivyotaka kufa, wageni wakalia, chombo kikaingia majini? Ameridhia, wataambiwa wanaouliza. Kuridhia kwa mtu wa miaka 17 mbele ya aliyemwokoa, ambaye mshahara wake unategemea simulizi hilo, ni kuridhia kwa namna gani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hasa mzigo ambao umekwishakuletea tuzo.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo haifai kufichwa. Chibanda mwenyewe husimulia hadharani kisa cha msichana aliyekuwa mgonjwa wake, aliyejiua kwa sababu familia yake haikuwa na dola 15 za nauli ya basi kumfikisha hospitalini. Kisa hicho kimelishua benchi lake duniani kote. Je, naye amelaza mtoto mchangani? Tofauti iliyopo ni nyembamba, lakini ipo. Katika simulizi hilo mdaiwa ni msimulizi. Daktari anasema kwamba yeye alikaa hospitalini akimngoja mgonjwa aje, na kwamba kwa kifo kile aliona kuwa alipaswa kutoka kumfuata. Simulizi linamhukumu anayelisema. Yale ya jukwaani aghalabu huenda kinyume chake: kijana ndiye mwenye deni, na aliyemsaidia ndiye anayedai. Msikilizaji makini huweza kuyatenganisha mawili haya kwa kumtazama nani anatoka mdogo katika kisa.

Amebaki mzee wa Kua. Wakufunzi wa uongozi husifu kujitolea kuliko sifa nyingine yoyote, na huyu alijitoa kupita wote: alikaa na wageni, akawapendeza, mlango ukafungwa naye akiwa ndani. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa ubinafsi. Aliitoa roho yake ili kuua. Basi jasho la kiongozi, makesho yake, afya yake iliyovunjika kwa ajili ya kazi, haviwi ushahidi kwamba kazi ni njema. Tena katika kazi ya kuwatuliza vijana, mtu aliyejifungia ndani na maumivu ya wengine, asiye na wa kumtazama, huwa hatari kwao kabla hajawa hatari kwake. Shamiri waliliona hili mapema: waongozaji wao vijana wana wasimamizi juu yao, na juu ya wasimamizi kuna wataalamu wa kupokea mashauri mazito. Pwani nayo ililijua. Somo aliyemlea mwari hakuwa peke yake. Alikuwa na wakubwa waliomlea yeye, na lililomshinda alilipeleka kwao usiku huo huo. Alikuwa na miiko pia ya yale yasiyotoka nje ya chumba. Mila hizo zilikuwa na ukali ambao haufai kurudishwa, ila mpango wake wa kutunza siri ulikuwa imara kuliko fomu ya idhini.

Tuseme kijana wa Mafia amekwenda Dar es Salaam akahudhuria mafunzo hayo, akapewa cheti, akarudi kwa njia ya Nyamisati mpaka bandari ya Kilindoni. Watu watampongeza, wengine watataka kujua posho ilikuwa kiasi gani. Atafika kijijini. Mtu wa kwanza kumjia atakuja usiku, atakaa karibu na mlango, atazungumza kwa muda mrefu juu ya bei ya pweza, juu ya mashua ya fulani iliyovunjika tanga, juu ya mvua. Kisha atauliza kama haya atakayoyasema yatakwenda Dar es Salaam.