Eli Alipomdhania Hana Amelewa

Soma: 1 Samweli 1:9-18, 1 Wafalme 19:1-18, Luka 10:30-35

Kuhani Eli hakuwa mgeni katika kazi yake. Kila aliyepanda kwenda Shilo kuabudu alipita mbele ya kiti chake. Hata hivyo, mwanamke mmoja alipoomba kwa midomo isiyotoa sauti, Eli alimwona mlevi, akamkemea kabla ya kumwuliza. Hana alimjibu kwa upole kwamba hajanywa kileo chochote, bali ana uchungu moyoni na ameumimina mbele za Bwana. Hapo Eli anastahili sifa ambayo kwa kawaida hapewi: alikubali kwamba amekosea, akambariki papo hapo.

Tazama vizuri mstari wa 18. Hana aliondoka, akala chakula, na uso wake ukabadilika. Samweli alikuwa hajatungwa mimba bado. Penina alikuwa bado nyumbani, na ulimi wake ni ule ule. Hana alikuwa amemwambia Mungu yaliyomlemea, na mtu mmoja alikuwa amemsikia. Nafuu ilikuja kabla ya jibu.

Katika madarasa yetu huulizwa kama Mkristo anayekwenda kwa mnasihi, au kwa daktari wa akili, ameishiwa imani. Huku Nyanda za Juu Kusini swali hilo lina uzito wa pekee. Watu wengi walilisikia neno "ushauri nasaha" kwa mara ya kwanza katika vituo vya kupima Virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-23 ulionyesha maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima nchini, lakini Iringa ni takribani asilimia 11 na Mbeya ni zaidi ya 9. Kwa hiyo ukimwambia mtu aende kupata ushauri nasaha, anasikia habari mbaya. Ukimtajia daktari wa akili, anasikia Mirembe, jina la hospitali ya Dodoma ambalo watu wamelifanya tusi. Kati ya maneno hayo mawili, anayeumia anabaki nyumbani.

Tena uchungu hauji kwa sura moja katika kila umri. Mtoto aliyefiwa hasemi ana huzuni. Anarudia kukojoa kitandani, anapigana na wenzake, anasinzia darasani. Na mara nyingi dawa anayopewa ni fimbo. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliopoteza mzazi mmoja au wote wawili walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao walikutana katika vikundi na kusaidiwa kuzungumza juu ya kifo kile na kukumbuka mema ya marehemu. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida tu. Kila kanisa lenye darasa la watoto lingeweza kujiuliza kuhusu habari hiyo.

Binti aliyepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani akiwa na miaka kumi na minne, akarudi kijijini kimya, huulizwa jambo moja tu: ana mimba au hana? Akijibu hana, mazungumzo yamekwisha. Mama aliyejifungua naye anaona aibu kulia wakati kila anayebisha hodi ameleta uji na pongezi. Anatabasamu, wageni wakiondoka anageukia ukutani.

Kwa wanaume jambo hili ni zito zaidi, na hapa kosa la Eli linapinduka. Mwanamume wa Iringa aliyefilisika, au aliyemzika mkewe, mara nyingi amelewa kweli. Ulanzi haukosekani, na mzee wa kanisa ana pua. Jina lake linapelekwa kwenye baraza la kanisa, linajadiliwa kwa robo saa, na hakuna aliyeuliza alianza kunywa lini na baada ya nini. Juu ya hayo upo utani ule wa nchi nzima kwamba Wahehe ni wepesi wa kujinyonga. Watu hucheka, na Wahehe wenyewe hucheka pamoja nao. Lakini mtu ambaye kweli anafikiria kufa atasemaje mbele ya watu waliozoea kulicheka jambo hilo? Utani wa makabila una faida zake. Huu ungefaa kuachwa.

Eliya naye aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Huko Horebu Bwana alimwuliza swali lile lile mara mbili, na Eliya akatoa jibu lile lile mara mbili, karibu neno kwa neno. Mungu anayejua yote hakumkatiza. Yeyote aliyekaa na mfiwa anajua kwamba habari ile ile lazima isimuliwe tena na tena.

Wapo wenye hofu ya kweli. Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen White alionya juu ya mtu kuiweka akili yake chini ya utawala wa mtu mwingine. Onyo hilo lisipuuzwe. Lakini sura hiyo hiyo inaeleza jinsi huzuni, wasiwasi na hatia vinavyoudhoofisha mwili. Mnasihi mwema huuliza, akasubiri, na uamuzi ukabaki kwa mwenye shida. Mzee wa kanisa anayesikiliza dakika tano na kutoa hukumu ya ndoa ya watu amelikaribia zaidi lile lililoonywa. Na anayekwenda kumsimulia mke wake, hadi habari ikafika kwenye Dorkas kabla mhusika hajafika nyumbani, amefunga mlango kwa wengine kumi.

Mwisho wa uwezo wetu nao ujulikane. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, asiyelala kwa majuma, au anayesema heri afe, asiambiwe asubiri juma la maombi liishe. Aombewe njiani, akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au ya mkoa pale Iringa, na asiende peke yake wala asiachwe peke yake. Yule Msamaria alitia mafuta na divai, kazi aliyoiweza. Kisha akamkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini Hana alipata nafuu kabla ya kupata mtoto? Jibu lenu linasema nini juu ya maombi?

2. Katika kanisa lenu, mtu akitaka kumweleza mtu shida yake na isitoke nje, atamwendea nani? Kama hakuna jina linalokuja haraka, sababu ni nini?

3. Nani hajaonekana Sabato tatu zilizopita, na ni nani atakayekwenda kumwona juma hili?