Stakabadhi Iliyobaki Mfukoni

Mjomba alisema “zima pampu” mara saba. Idadi hiyo alinipa mwenyewe, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuhesabu magunia, akiwa amekaa barazani kwake Kiegei na mkono wa kulia umefungwa bandeji. Mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida. Mara ya tatu akarudia kuita jina la mashine, akidhani haikumsikia. Mara ya saba alikuwa anapaza sauti katika nyumba isiyo na mtu, maana mkewe na wajukuu walikuwa shambani wanaokota korosho. Kisha akachukua fimbo yake, akaufuata mngurumo wa pampu hadi uani. Chini ya simtanki maji yalikuwa yamefurika na kugeuza vumbi la Oktoba kuwa tope. Hapo ndipo alipoteleza.

Jirani alipofika na kuchomoa waya, kisima kilikuwa kimekauka na pampu imeungua. Anayejua ukame wa Nachingwea kabla ya mvua za kwanza ataelewa kwa nini watu walisimama kutazama maji yale yakinywewa na ardhi na hakuna aliyesema neno.

Mashine iliyokaa kimya niliitengeneza mimi, na kimya chake ni kosa langu. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya vijana wanaofunga vifaa vya namna hii katika nyumba za wazazi wao, kwa sababu dalili niliziona mapema na nikazifunika kwa mikono yangu.

Kwetu Wamwera mjomba si ndugu wa pembeni. Ukoo unafuata upande wa mama, na neno lake ni zito kuliko la baba. Huyu wangu alikuwa karani wa ghala katika chama cha msingi, akipokea korosho za wakulima na kuwaandikia stakabadhi, mpaka presha ya macho ilipomla nuru kidogo kidogo na kumwachia tofauti ya mchana na usiku tu. Alichokitaka kwangu kilikuwa kidogo: awashe taa wageni wakija, awashe na kuzima pampu, aulize saa, bila kumsubiri mjukuu atoke shule.

Mtandao wa simu kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo kila kitu ilibidi kifanyike ndani ya nyumba. Nilinunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye memori ya gigabaiti 2, nikaiunga na betri za sola, nikaweka Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Kazi ya kugeuza sauti kuwa maneno niliiachia Whisper, ambayo OpenAI waliitoa mwaka 2022 na ambayo Kiswahili kimo katika lugha zake. Kujibu kwa sauti nikaipa Piper. Sauti ya Kiswahili ya Piper ina lafudhi ya Kongo, na Mjomba alipoisikia mara ya kwanza aliinua kichwa akauliza kwa furaha, “Huyu bwana ametokea Lubumbashi au Kalemie?” Akaipa jina la kazi yake ya zamani: Karani. Nikaifundisha kuitika jina hilo.

Programu hizo zilifanya kazi yake. Kosa liliingia katika kile nilichokiongeza mwenyewe: programu ya nyongeza, niliyoiandika kwa lugha ya Python, iliyosikiliza, ikalinganisha maneno na amri 9 tulizokubaliana, kisha ikatekeleza. Humo humo nikaweka na saa ya kuhesabu dakika za pampu, ili izimike tangi likijaa. Sikio na mkono nikaviweka katika mwili mmoja.

Wiki ya pili Karani akaganda. Mjukuu akanipigia simu Mtwara, nikamwambia achomoe waya na kuchomeka tena, ikapona. Siku ya tano ikaganda tena, na baada ya siku tano nyingine tena. Nilipotazama kwa mbali, siku mtandao ulipokubali, nikaona memori imejaa pomoni. Nilijua maana yake, maana hii ndiyo kazi inayonilisha: pana mahali katika programu panapochukua memori na hapairudishi. Kuipata kungenichukua siku mbili au tatu. Badala yake nikaandika mstari mmoja: kila usiku saa tisa, jizime, jiwashe. Ilinichukua dakika moja, na kwa miezi miwili Karani hakuganda hata mara moja. Nikajisifu kwamba nimeitengeneza.

Kuzima na kuwasha kuna mahali pake. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabisa kwa vipindi, baada ya majaribio ya maabara kuonyesha kwamba vidhibiti vya jenereta vikikaa vimewashwa siku 248 mfululizo vinaweza kukata umeme wote kwa mara moja. Lakini waliotoa agizo lile walikuwa na namba mkononi. Walijua ni kitu gani kinachojaa na kinajaa kwa muda gani, na dawa ya kudumu ilikuwa inatengenezwa. Mimi namba yangu ilikuwa ya kukisia. Niliona siku tano, nikadhani siku moja ni salama. Sikujiuliza ni nini hasa kinachoijaza: je, ni saa zinavyopita, au ni mazungumzo yanavyoongezeka?

Jibu lililetwa na msimu wa korosho. Oktoba ilipofika, redio ya Mjomba haikuzimwa tena tangu asubuhi. Anafuatilia minada ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kana kwamba magunia yote bado yanapita mikononi mwake. Na redioni, kila habari ya mnada ina maghala, mizani na makarani. Kila mtangazaji alipotamka “karani”, mashine ikaamka ikidhani imeitwa, ikarekodi. Kwa kuwa redio hainyamazi, haikuona mwisho wa sentensi, ikaendelea kurekodi mpaka kikomo nilichoiwekea cha sekunde 15.

Hapa hesabu ni nyepesi, na ningeweza kuifanya miezi miwili mapema kwa kalamu. Sauti inarekodiwa kwa sampuli 16,000 kila sekunde, kila sampuli baiti 2. Sekunde 15 ni baiti 480,000. Kabla ya kuipa Whisper, programu inazigeuza sampuli kuwa namba za baiti 4, kwa hiyo nakala ya pili ni baiti 960,000. Jumla inakaribia megabaiti moja na nusu kwa kila mwamko, na hakuna hata baiti moja iliyorudishwa. Kabla ya msimu mashine iliamka kama mara 90 kwa siku, kwa rekodi fupi, na nafasi niliyokuwa nayo ya megabaiti 400 ilidumu siku nne na kitu. Siku Mjomba alipoteleza iliamka mara 300. Nafasi ikaisha alasiri, muda wa saa kumi na mbili kabla ya saa ya kujizima na kujiwasha kufika. Memori ikiisha, kiini cha Linux, mfumo unaoendesha mashine ile, huichagua programu iliyokalia nafasi kubwa na kuiua ili mashine nzima isizame. Iliyokalia nafasi kubwa ilikuwa yangu, na ilikufa huku ikiwa imeshika swichi ya pampu.

Nilipokuwa kwenye basi kati ya Masasi na Nachingwea nikienda kumwona, kisa kimoja hakikunitoka kichwani, kisa ambacho wanafunzi wa kompyuta husomeshwa na wengi wetu hukisahau tukishapata kazi. Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kuitegemea kompyuta kikamilifu kupanga gari gani liende wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba, saa nane ikiwa imepita kidogo, mfumo ulianza kwenda polepole, kisha ukaganda kabisa. Wakajaribu kuuwasha upya, haukusaidia. Seva ya akiba nayo haikuchukua nafasi. Wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Februari 1993 ilieleza chanzo: kipande kidogo cha programu, alichokiacha mtengenezaji aliyekuwa akiushughulikia mfumo wiki 3 kabla, kilikuwa kinachukua memori kidogo kwenye seva kila gari lilipotumwa, wala hakikuirudisha. Gari baada ya gari, wiki 3, mpaka ikaisha. Nilikisoma kisa hicho nikiwa mwanafunzi nikapata maksi nzuri. Bado nikaandika ule mstari wa saa tisa usiku.

Nilimkuta Mjomba barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono kwa ule mzima. Nikaomba radhi, kisha nikaanza kumweleza kwamba memori ilikuwa inavuja. Akanikatiza.

“Mpwa wangu, kuvuja ni kitu kutoka. Hapa kilitoka nini?”

Nikasema hakuna kilichotoka. Vitu viliingia tu, vikakaa.

“Basi hiyo haivuji. Hilo ni ghala limejaa.” Akatulia kidogo. “Ghala langu mimi, gunia haliondoki mpaka mwenye stakabadhi aje. Mnada ukipita, mnunuzi akilipa, stakabadhi inafutwa, gunia linatoka. Sasa akitokea mtu amebaki na stakabadhi mfukoni, amesahau, gunia lake litakaa pale hata likioza. Mimi karani sina ruhusa ya kuligusa. Usitafute gunia, mpwa wangu. Tafuta nani ameshika stakabadhi.”

Mfumo wa stakabadhi ghalani una sheria yake tangu 2005, na kusini tumeuzoea kwenye korosho tangu msimu wa 2007. Katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia mtu akiieleza lugha ya Python vizuri kuliko hivyo. Python ina msafishaji wake, anayepita na kuondoa kila kisichohitajika tena, lakini haondoi kitu ambacho bado kuna jina linalokishika. Swali la kuuliza ni lile lile la Mjomba.

Siku hiyo sikugusa mstari wowote wa programu. Niliiwasha, nikaiamuru iandike kila baada ya dakika 5 imeshika memori kiasi gani, nikaiacha. Ni lazima kutazama memori iliyoshikwa na programu yenyewe, kwa sababu Linux hutumia nafasi iliyo wazi kuhifadhi mafaili iliyoyasoma karibuni, na huiachia inapohitajika. Nimeona vijana wakihangaika usiku kucha na hiyo, wakiuona mlo wa kawaida wa mashine ni ugonjwa. Asubuhi nikachora namba zile. Usiku, redio ikiwa imezimwa, mstari ulilala kama mkeka. Kuanzia saa moja asubuhi ukapanda ngazi kwa ngazi, na hakuna ngazi iliyoshuka. Kumbe saa hazikuwa na hatia. Kila mwamko ulikuwa na gunia lake.

Nikachukua rekodi moja ya Mjomba akisema “washa taa”, nikaipitisha mara 200 mfululizo. Kabla na baada yake nikapiga picha ya memori kwa tracemalloc, chombo kilichomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, kinachoonyesha ni mstari gani wa programu uliochukua nafasi na kiasi gani. Nikalinganisha picha mbili. Mstari uliovimba ulikuwa mmoja, na niliujua mara moja, maana niliuandika mwezi Julai. Mwanzoni Karani alikuwa hamwelewi Mjomba, anayesema Kiswahili chenye ladha ya Kimwera, nami nikatengeneza orodha ya kutunza kila rekodi ili nisikilize wapi inakosea. Nilisikiliza, nikarekebisha, nikaiacha orodha pale pale. Stakabadhi ilikuwa mfukoni mwangu mimi.

Kuurekebisha kulinichukua dakika 10. Orodha sasa inatunza rekodi 5 za mwisho, ya sita ikiingia ya kwanza inatoka. Nilifuta ule mstari wa saa tisa usiku, na nikiri kwamba mkono ulisita. Nikaweka kikomo cha memori kwa programu, na kuiamuru ijiwashe ikiuawa, na ikiwaka kitu cha kwanza iizime pampu. Lakini kazi iliyonichukua siku nzima haikuwa ya kompyuta. Nilipanda juu ya simtanki nikafunga swichi ya boya, ile ya kawaida inayouzwa Nachingwea mjini kwenye maduka ya vifaa, na nyingine kisimani, zikate umeme wa pampu maji yakifika juu kule au yakipungua huku, hata Karani awe amekufa, hata betri yake iwe imeisha. Pampu mpya nililipa mimi. Jirani aliyechomoa waya alishika ngazi.

Kabla sijaondoka Mjomba aliomba amri ya kumi. Nilikaa nayo mpaka jioni. Mkono wake ulikuwa bado na bandeji, redio ilikuwa inataja tani za siku hiyo, akaipunguza sauti, akainamia upande wa meza.

“Karani, umeshika ngapi?”

“Megabaiti mia sita na kumi na mbili,” ikajibu kwa lafudhi yake ya Kongo.

“Asubuhi zilikuwa ngapi?”

“Mia sita na kumi na mbili.”

Akatikisa kichwa polepole, kama nilivyokuwa nikimwona akifanya utotoni anapofunga daftari la ghala, kisha akapapasa meza akaongeza sauti ya redio.