Mpe Nauli

Kaa, mdogo wangu. Umekuja na lile lile: kijana ataendelea na dawa hiyo mpaka lini? Uliniuliza kabla ya Ramadhani, ukaniuliza baada ya Idi. Nimechoka, lakini nitajibu tena.

Unasema katoka ulevi kaingia ulevi. Haya. Kete moja ya heroini ilimshika saa chache tu, kisha arosto: makamasi, mifupa kuuma, kuhara, na sufuria za mkeo kuuzwa. Kikombe kimoja cha methadoni kinamshika siku nzima na ziada. Akishafikia kipimo chake hakimleweshi, kinamtuliza tu.

Siku ile ulipokuwa kazini nilimsindikiza mimi. Foleni ya asubuhi, dirisha, kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa palepale mbele ya mtoa dawa, kisha anaambiwa aseme neno, ijulikane amemeza. Wako akasema, "Shikamoo, mama." Miaka mingapi hukumsikia akimwamkia mtu?

Muhimbili walianza kutoa dawa hii mwaka 2011. Wapo wanaokunywa miaka na miaka, na kazi wanafanya.

Wangu nilimharakisha mimi. Nilimwambia miezi minane inatosha, mwanamume hashindi dirishani kama ombaomba. Akaacha ghafla, kwa kunistahi. Haukupita muda akarudi kijiweni, akachukua kipimo chake cha zamani, na mwili ulikwisha kukisahau. Tulivunja mlango wa choo. Sikuelezi ili unipe pole; pole nimepewa za kutosha.

Tena, wako sasa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Akikwambia arosto inampata ilhali amekunywa, usimwite mwongo. Rifampisini huifanya methadoni iishe upesi mwilini. Akamweleze daktari, apimiwe upya. Na akikosa siku kadhaa mfululizo wakamrudisha kwenye kipimo cha chini, usiende kugomba pale: wanamlinda na yaliyompata wangu.

Kupunguza kupo. Ni kwa hiari yake, na daktari, kidogo kidogo, huenda kwa miezi mingi. Si kwa kalenda yako.

Mkeo kaniambia umeapa kesho humpi hela ya daladala. Kesho ni Jumapili, na dirisha litafunguliwa kama siku zote. Mpe nauli, ya kwenda na kurudi.