Waimbaji Walipokimbilia Mashamba

Somo la juma hili: Nehemia 13:10–13

Wahubiri wengi tukifika sura ya mwisho ya Nehemia hukimbilia habari ya Sabato, au ile ya ndoa, maana huko kuna vurumai: Nehemia anafukuza wachuuzi malangoni na kung'oa watu nywele. Mstari wa 10 tunaupita mbio. Nehemia alikuwa amerudi kwa mfalme, na alipofika tena Yerusalemu akakuta Walawi na waimbaji hawapo hekaluni. Posho zao hazikutolewa, nao wakaondoka, kila mmoja akaenda kulima shamba lake.

Hakuna aliyeasi. Hakuna aliyegombana na kuhani wala kuhamia kwa miungu mingine. Mtu ana watoto, ghala la hekalu halitoi kitu, na jembe liko nyumbani. Angefanyaje?

Mstari huo umenikaa kichwani kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam anayepiga fidla. Ndiyo kazi yake, hana nyingine. Alipojaza fomu ya usharika, penye nafasi ya kazi aliandika "mwanamuziki." Karani akaisoma, akamwuliza kwa upole, "Sawa mdogo wangu, lakini kazini ni wapi?"

Kazini ni chumbani kwake, kuanzia alfajiri. Nilipita asubuhi moja kumjulia hali nikamkuta anarudia kipande kifupi cha muziki kisichofika nusu dakika, mkono wa kushoto ukipanda kwenye shingo ya fidla kutoka kule mbali hadi karibu na kidevu chake. Alikipiga polepole mno, kisha kwa kasi kidogo, kisha akarudi mwanzo. Fidla haina vyuma vya kugawa shingo kama gitaa, kwa hiyo hakuna kinachomwonyesha kidole kikae wapi. Kikisogea kwa unene wa uzi wa kushonea, sauti imepinda na kila mtu amesikia. Inabidi mkono ujue wenyewe, na mkono hauambiwi, unazoezwa. Jirani wa chumba cha pili alichungulia akauliza wimbo wenyewe unaanza lini.

Ncha za vidole vya mkono huo zimeota sugu. Chini ya taya, upande wa kushoto, ana doa jeusi palipochubuliwa na mbao miaka yote hii, doa ambalo mama mmoja wa umoja wa wanawake alilitazama kwa mashaka makubwa mpaka alipoelezwa.

Halafu kuna vifaa. Upinde umefungwa nywele za mkia wa farasi, na nywele hizo hazitoi sauti ya maana mpaka zipakwe utomvu mkavu wa msonobari. Zinachakaa. Nyuzi nazo hupoteza sauti kabla hazijakatika, hivyo mpigaji anatupa uzi ambao machoni pako wewe bado ni mzima. Joto na unyevu wa pwani vinaivimbisha mbao na kuilegeza gundi, na fundi wa kuirudishia si wa kumkuta kila mtaa. Mwezi ukienda vibaya, huyu ndugu hununua nyuzi kwanza, mchele baadaye. Mchana yuko kwenye bodaboda, sanduku mgongoni, anakwenda kufundisha watoto wa watu majumbani. Jioni za mwisho wa wiki anapiga hotelini au kwenye harusi. Jumapili yuko nasi, ibada ya kwanza na ya pili.

Jumapili ndiyo siku isiyo na bahasha.

Na harusi ya kanisani nayo haina. Niseme wazi, maana kamati za harusi nazijua. Bajeti inasomwa: ukumbi, mapambo, keki, mpiga picha, mshereheshaji, magari. Kila mmoja ana bei yake na malipo ya awali yameshatolewa. Ikifika muziki wa kanisani mtu anasema, "Huyo ni mtoto wetu," na kalamu inaruka kwenda mstari unaofuata. Aliyekodisha viti analipwa, na aliyeleta maspika analipwa. Aliyepiga huku bibi harusi akiingia anapewa soda na kuambiwa Mungu atamlipa. Mungu atamlipa kweli, lakini hatukumwachia Mungu bili ya maspika.

Tatizo si la Dar es Salaam peke yake, wala si la leo. Johann Sebastian Bach alisimamia muziki wa makanisa ya Leipzig tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Ni mji uleule ambao jina lake lilibebwa na wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na nyimbo walizokuja nazo bado tunaziimba. Tarehe 23 Agosti 1730 Bach aliwaandikia wakuu wa mji waraka wa malalamiko. Alitaka wapigaji 18 na zaidi. Aliokuwa nao kwenye orodha ya mji walikuwa wanane: wapiga tarumbeta na filimbi wanne, wapiga fidla watatu, na mwanagenzi mmoja. Baadhi, alidokeza, walikuwa wamezeeka, na wengine mazoezi yamewapungukia. Mapengo yalizibwa na wanafunzi, nao walikuwa wamenyimwa hata kile kidogo walichopewa zamani. Akauliza nani atafanya kazi bure. Akawaambia wakuu waende Dresden wakaone wanamuziki wa mfalme wanavyolipwa: kwa kuwa hawahangaikii mkate, kila mtu anapata muda wa kukimudu chombo kimoja.

Tunapomtaja Bach kanisani tunapenda kueleza jinsi alivyoandika kwenye karatasi zake kwamba utukufu ni wa Mungu pekee. Ni kweli aliandika hivyo. Mtu huyohuyo aliandika na waraka ule, naye hakuona mgongano wowote.

Nehemia pia hakuuona. Angalieni alimkemea nani. Waimbaji waliokimbia hakuwagusa, hakuwahubiria juu ya uaminifu wala kuwauliza wito wao umekwenda wapi. Aliwakemea viongozi, kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Kisha akawarudisha watu mahali pao, zaka za nafaka, divai na mafuta zikaletwa, na ghala likakabidhiwa kwa watunzaji waliojulikana kuwa waaminifu: kuhani, mwandishi, Mlawi, na msaidizi wao. Uamsho wa Nehemia hapo ulikuwa kazi ya mhasibu.

Najua nitakachojibiwa. Mbona Kinshasa waliweza? Waliweza, nami nawaheshimu. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra katika Kanisa la Kimbangu. Ala zilikuwa chache, wakapokezana, mmoja akimaliza anampisha mwenzake. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ukafanya kazi. Kutwa watu wako sokoni, gereji, saluni, na jioni wanakuja mazoezini. Hatimaye wakaipiga simfoni ya tisa ya Beethoven. Lakini mwenye kuwatumia hao kama fimbo ya kumchapia mpigaji wake hajausikia muziki wao vizuri. Watu walipiga kwa waya wa breki kwa sababu nyuzi hazikuwapo, si kwa sababu waya ni bora. Mambo ya Nyakati inasema waimbaji wa hekalu walisamehewa kazi nyingine, kwa kuwa yao ilikuwa ya mchana na usiku. Daudi, aliyewapanga waimbaji hao, alijua kwamba aliyeshinda akichoma vyuma hawezi kuwa na mkono mwepesi saa mbili usiku.

Swali linalobaki ni gumu zaidi, nalo nimelisikia kwa wazee wa kanisa wenye nia njema: tukimlipa, je, bado ni ibada? Sadaka itakuwa wapi?

Paulo alilishughulikia katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya tisa, na mpangilio wake ndio wa kutazamwa. Anaanza kwa kudai. Askari hajigharimii vitani, mpanda mzabibu hula matunda yake, ng'ombe apuraye hafungwi kinywa, na Bwana ameagiza waihubirio Injili waishi kwa Injili. Baada ya kuithibitisha haki yake mpaka hakuna wa kubisha, ndipo anasema hataitumia. Hakusema haikuwapo, na Wakorintho hawakumsaidia kuiacha. Aliiacha mwenyewe.

Kijana wetu ana kitu kimoja asichokichukulia hela, nacho ni misiba. Ukimpigia simu usiku kwamba mtu wa jumuiya amefariki, siku ya maziko atakuwepo na sanduku lake, awe alimjua marehemu au hakumjua. Mwezi uliopita, baada ya maziko ya bibi mmoja, mweka hazina wetu alimfuata na noti mkononi, angalau ya nauli. Akaikunja akamrudishia kiganjani, kisha akanigeukia akicheka.

"Hii natoa mimi, baba mchungaji. Zile za Jumapili mlichukua."