“Sijui” ya Karani wa Benki

Neno amana limetufikia pwani kutoka Kiarabu, na kwetu lina nyuso mbili: ni kitu uwekewacho ukilinde, na ni uaminifu wenyewe wa kukilinda. Mabenki yamelichukua yakaziita kwalo fedha za wateja, nami sidhani kwamba yalikosea. Ila karani aketiye dirishani hapokei fedha peke yake. Hupokea na habari: nani ana deni, nani mshahara wake umekwisha kabla mwezi haujaandama, nani ana akiba asiyoijua mkewe. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 yamtaka afumbe mdomo juu ya hayo. Mjini si jambo zito. Atokapo kazini huingia katika umati usiomjua, wala hakuna wa kumwuliza.

Mpwa wangu, mzaliwa wa kisiwani, alipelekwa na benki yake wilayani Iramba, mkoani Singida, akapanga chumba Kinampanda kwa mama mmoja mjane. Ni mahali penye chuo cha ualimu cha siku nyingi na mashamba ya alizeti, na jirani humjua jirani mpaka kwa babu yake. Yule mama alimpikia ugali wa mtama, akamwita mwanangu.

Asubuhi moja kijana wa yule mama alifika dirishani akatoa fedha zote za alizeti waliyoilima pamoja, mama na mwana. Akaunti ilikuwa ya kijana. Usiku ule, wakila, mama akauliza: “Mwanangu, ile hela ya alizeti bado haijaingia? Ndugu yako ananiambia mnunuzi hajalipa.” Mpwa wangu akatazama sahani. “Sijui, mama.”

Aliponisimulia haya nami, kwa wepesi wa mtu asiye na jukumu, nikamwambia angesema haruhusiwi kusema. Akacheka. “Mjomba, kule ‘siruhusiwi’ ni sawa na ‘ameshatoa’. Zingekuwa hazijaingia, ningeficha nini?” Nikanyamaza, maana amesema kweli. Nimefasiri maneno ya watu miaka mingi, na najua kwamba kimya nacho husomwa.

Basi je, alisema uongo? Yeye hujitetea kwamba aliyejua ni karani, na aliyeulizwa ni mpangaji. Hoja hii nimeigeuza huku na huku, na siipendi. Mdomo ni mmoja, na ugali aliula mpangaji huyo huyo. Siri ilikuwa ya kijana, wala haikuwa ya mpwa wangu kuitoa; lakini ile “sijui” haikuwa ya kijana wala ya benki. Aliitunga mwenyewe.

Palikuwa na njia. Alikuwa na mchana mzima wa kumtafuta kijana na kumwambia: mama ataniuliza, kamwambie wewe kabla sijalazimika kumwongopea. Hapo asingevunja siri, kwani aambiwaye ndiye mwenyewe. Alikiri kwamba hata hakuliwazia. Alidhani kazi huisha dirisha lifungwapo.

Mama alikuja kujua kwa kinywa cha mwanawe, baada ya wiki mbili. Hakumfukuza mpangaji wala hakumlaumu. Chakula kiliendelea kuja kwa wakati wake. Ila tangu siku hiyo, hadi alipohamishwa, alimwita “bwana benki.”