Nyumba ya Duka ni ya Nani?

Nyumba ya duka haihami, lakini wenye kukaa ndani wanahama. Sisi watu wa Masisi, kuanzia Sake mpaka Karuba, tunalijua jambo hilo vizuri.

Wakati wa Wabelgiji, maduka na mashamba makubwa vilikuwa zaidi mikononi mwa wageni. Tarehe 30/11/1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba mali hizo zipewe Wazairwa. Wengi waliopewa waliuza vitu walivyovikuta bila kununua vingine, na maduka yakabaki matupu. Kufika 1976, Serikali ilikuwa imekubali kurudishia wageni sehemu ya mali yao. Kisha ikaja vita ya 1993, iliyoanzia Ntoto huko Walikale na kupanda Masisi. Mwaka 2023, mwezi wa pili, vita ikafika tena Mushaki na Karuba, watu wakakimbia.

Basi, ndugu msomaji, mtu akikimbia na mwingine akaingia dukani mwake, ile nyumba inakuwa ya nani? Sheria ya 20/07/1973 inasema udongo ni wa Serikali, raia anapewa tu haki ya kuutumia. Wengine wanajibu: mwenye ufunguo njo mwenyewe. Tena wanauliza: huyo aliyekimbia, si naye alimkuta mwingine mbele yake? Na yule mgeni wa kwanza, si alijenga kwenye udongo wa wazee wetu?

Ni kweli. Lakini ubaya wa zamani hauwezi kuwa ruhusa ya ubaya wa leo. Wafugaji wetu wanatuonyesha njia. Mtu akikabizi ng'ombe kwa rafiki, mlinzi anakunywa maziwa, lakini ng'ombe inabaki ya mwenyewe. Anayeingia katika nyumba ya mkimbizi ni sawa na mlinzi huyo, hata kama hakuna aliyemukabizi. Afanye biashara, akule faida ya jasho lake. Mwenyewe akirudi, amuachie nyumba. Na kama alibadilisha mabati, alipwe mabati yake mbele ya majirani.

Hatuwezi kurudisha kila kitu mpaka kwa babu wa babu. Tunaweza kumurudishia yule ambaye tunamujua na angali muzima. Watoto wetu wanatuangalia, na hakuna anayejua nani atakimbia kesho.