Je, Ridhaa ya Mteja Inatosha?



Ndugu zangu katika imani, swali ninalolileta halisikiki sana katika khutba zetu, lakini wengi wetu tutakutana nalo mara tu tukishavua joho la mahafali. Je, ni halali kumshawishi mteja anunue kilicho ghali kuliko alichokuja kukitaka?

Nauliza kwa sababu linanihusu. Mtoto wa ami yangu anabandika tinti za magari kule Jinja. Anataka kufungua kibanda kingine hapa Mbale, nami nikisimamie nikimaliza mtihani wa mwisho. Masharti yake ni haya: mshahara mdogo, na kamisheni kwa kila mteja atakayekuja kwa karatasi ya kawaida akaondoka na ya daraja la juu. Kabla sijamjibu, nataka kujua chakula nitakachompelekea mama yangu kitakuwa cha namna gani.

Tuanze na bidhaa yenyewe, maana hukumu ya kitu hufuata kukijua. Karatasi za tinti si aina moja. Ya chini imetiwa rangi tu. Hupunguza mwanga, lakini ikikaa juani miaka kadhaa hupauka, na mara nyingi hugeuka zambarau. Ya kati ina kaboni, nayo haipauki upesi. Ya juu ni ya seramiki, yenye chembe ndogo mno zinazozuia miale ya joto isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ardhini ni miale hiyo. Kwa hiyo weusi wa kioo haupimi ubaridi wa gari: seramiki nyepesi yaweza kuzuia joto zaidi kuliko karatasi ya rangi iliyo nyeusi tii. Mteja huona weusi. Muuzaji anajua kilicho ndani. Tofauti hiyo ya ujuzi baina yao ndiyo inayozaa suala letu.

Kuuza kilicho bora kwa bei ya juu si dhambi. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya Urwa al-Bariqi, ambaye Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume hakumkemea kwa faida ile, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Anayedhani uchamungu ni kuuza kwa hasara hajaisoma sira vizuri. Basi kumwambia mteja "ipo nyingine bora kuliko hii, na bei yake ni hii" ni jambo la halali, na huenda likawa ni kumsaidia. Kosa huingia kwa milango mingine, nami naiona mitatu.

Mlango wa kwanza ni namba ya kweli inayofanya kazi ya uongo. Muuzaji huwasha taa ya joto, huweka mbele yake kipande cha kioo chenye seramiki, kisha humwambia mteja aweke mkono nyuma yake. Mkono hausikii moto. "Inazuia asilimia 99," husema. Lakini taa ile hutoa infraredi kwa wingi, na jua halitoi infraredi peke yake. Tena asilimia zile mara nyingi hupimwa kwenye kipande chembamba tu cha miale hiyo; ukihesabu nguvu yote ya jua, kinachozuiwa ni kidogo kuliko hicho. Na gari hupata joto kwa bati la paa pia, ambako hakuna karatasi. Mteja huondoka akiamini kwamba ameondolewa joto lote isipokuwa moja katika mia.

Atasema mtu: lakini muuzaji hakusema uongo. Ndiyo, na hapo ndipo tukumbuke habari ya chungu ya nafaka iliyopokewa na Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika chungu ile, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Ndugu zangu, mtu yule hakutamka neno la uongo. Aliliacha tabaka kavu la juu liseme kwa niaba yake. Taa ya joto ni tabaka kavu la juu.

Mlango wa pili ni kuichafua bidhaa ya chini ili ya juu ing'ae. Muuzaji huweka ukutani mfano wa karatasi ya kawaida iliyobandikwa ovyo makusudi, yenye mapovu na kingo zilizobanduka, na kando yake seramiki iliyobandikwa kwa uangalifu. Mapovu mengi hutokana na mkono wa fundi au uchafu wa kioo, si daraja la karatasi peke yake. Mteja ameonyeshwa mafundi wawili, akaambiwa ni karatasi mbili.

Mlango wa tatu ni aibu. "Mzee, gari kama hili na karatasi ya bei hiyo?" Neno hilo halimfundishi mteja lolote kuhusu joto wala mwanga. Linamgusa pale anapoogopa kuonekana fukara, hasa akiwa na mkewe au rafiki kando yake. Anatoa pesa ili aondokane na aibu iliyoletwa na muuzaji mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo binamu yangu anaitegemea, nayo si ya kudharauliwa. Anasema: mteja ni mtu mzima, ameona, ameuliza bei, ameridhika. Qur'ani katika Suratun Nisaa imehalalisha biashara kwa kuridhiana. Unataka nini zaidi?

Jibu nimelikuta kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa Ulumuddin. Anasimulia habari ya Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa nguo. Dukani mwake mlikuwa na nguo za daraja mbalimbali, nyingine za dirhamu 400 na nyingine za 200. Alikwenda kusali akamwachia duka mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui akitaka nguo ya 400. Kijana akamwonyesha ya 200, bedui akaipenda, akailipia 400 kwa furaha. Yunus alikutana naye njiani, akaitambua nguo yake, akamuuliza amenunua kwa kiasi gani, akamwambia arudi. Bedui akasema kwao nguo ile ina thamani ya 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali, alimrudisha dukani akampa dirhamu 200 zake. Kisha akamgombeza kijana. Kijana akajitetea kwamba mtu yule hakuichukua ila kwa kuridhika. Yunus akamuuliza kama yeye aliridhia kwa bedui yule anachokiridhia kwa nafsi yake.

Angalieni alivyolihamisha swali. Kijana alikuwa anatazama ridhaa ya mnunuzi. Ami yake akatazama ridhaa ya muuzaji. Ridhaa ya asiyejua ni rahisi kuipata. Ridhaa yenye uzito ni ile ya anayejua: je, wewe uliyesoma maandishi yote yaliyo juu ya boksi ungelipa bei hiyo kwa gari lako, kwa safari zako, kwa kipato chako?

Lazima niwe mwadilifu hapa. Ghazali ameiweka habari hii katika mlango wa ihsani, ulio juu ya uadilifu. Pasipokuwa na hadaa, huenda kadhi asivunje mauzo. Lakini milango mitatu niliyoitaja ina hadaa au mashinikizo ndani yake, na kwa hiyo haifiki hata daraja la uadilifu. Ambaye hajalipa deni la uadilifu asijadili ihsani.

Je, nasaha ina maana ya kumpa kila mteja kilicho rahisi? Hapana. Chukua dereva wa abiria anayetoka Jinja kila asubuhi, akapita Iganga na barabara ya Tirinyi hadi Mbale. Jua la asubuhi humpiga upande wa kulia, upande wa usukani, saa nzima na zaidi. Huyu huenda seramiki ikamfaa kuliko tajiri ambaye gari lake hushinda kivulini. Muuzaji akiangalia kandambili zake akaamua asimwambie, naye amemficha kheri. Lakini kama gari si lake, na mwenye gari anaweza kulichukua mwezi ujao, basi kumuuzia karatasi ya kudumu miaka kumi ni kumtwisha mzigo wa mtu mwingine.

Na lipo jambo lililo zito kuliko pesa. Karatasi ya asilimia tano hupitisha sehemu tano tu za mwanga katika mia. Usiku, kwenye barabara yenye baiskeli na bodaboda zisizo na taa, kioo hicho cha pembeni kinaweza kumfichia dereva mtu anayevuka. Mteja akiomba weusi kwa ajili ya fahari, na muuzaji akanyamaza kwa ajili ya kamisheni, basi ridhaa yao wawili haimhusishi mwenda kwa miguu, ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa binamu yangu liko tayari. Kamisheni yenyewe siikatai. Ujira wa dalali unajulikana katika fiqhi yetu. Ninaloliomba ni kwamba anilipe kwa kila gari lililobandikwa vizuri, liwe la karatasi ya chini au ya juu, ili ulimi wangu usiwe na bei mbili. Na kabla ya kutaja daraja lolote, nimuulize mteja mambo matatu: gari ni la nani, huliendesha wapi na saa ngapi, na atakaa nalo muda gani. Akikataa sharti hilo nitatafuta kazi nyingine, ingawa najua kazi hazijajaa Mbale na mama anasubiri.

Wenzangu mnaosoma biashara mtafundishwa namna ya kumfanya mteja aseme ndiyo. Jifunzeni, ni elimu. Lakini siku ya kuitumia, mjiulize kama mngesema ndiyo ile ile mkiwa upande wa pili wa meza, na yote mnayoyajua mkiwa nayo.

Wabillahi tawfiq.